Unasomea Dawa, Moyo Uko kwa Sheria: Soma Hii Kabla Hujaacha Kozi



Wewe kijana wa Elwak, au wa Takaba, Rhamu, Habaswein, Masalani, uliye chuoni unasomea famasia, lakini usiku unajikuta unasoma Katiba badala ya noti za dawa: makala hii ni yako. Swali lako linatufikia mara nyingi kuliko unavyodhani. "Niko mwaka wa tatu famasia, lakini nataka kuwa wakili. Niache?" Wengine wanauliza kwa aibu, kama mtu anayepanga kutoroka nyumbani.

Jibu letu fupi: usiache. Maliza famasia. Halafu, kama moyo bado uko kwa sheria, nenda kaisome, na uende na famasia yako mkononi. Jibu refu linahitaji tuulizane kwanza jambo moja bila kuoneana haya: unataka sheria kwa nini hasa?

Kuna anayetaka suti. Tuseme ukweli tu. Amemwona wakili kwenye runinga akibishana na majaji, akajiona pale. Si dhambi kupenda heshima, ila heshima ya wakili unaiona kwenye runinga kwa dakika tano, na faili anazosoma hadi saa nane usiku huzioni. Huyu hatuna mengi ya kumwambia.

Kuna anayeogopa kukosa kazi, na huyu ana haki ya kuogopa. Unasoma famasia miaka mitano, halafu unatakiwa mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini kabla ya kusajiliwa, na nafasi yenyewe unaingoja serikali ikupe. Mnakumbuka mgomo wa mwaka 2024. Ulianza tarehe 14 Machi ukaisha 8 Mei, siku 56, na moja ya mambo makubwa yaliyoleta mgomo ule ni hawa hawa wahitimu: madaktari, wafamasia na madaktari wa meno waliokuwa nyumbani wakingoja kupangiwa hospitali. Serikali ikasema italipa Sh70,000 kwa mwezi. Chama chao, KMPDU, kikasema kuna mkataba wa mwaka 2017 na ndani yake ni Sh206,400. Desemba 2024 serikali ikakubali kulipa kulingana na mkataba.

Sasa tazama vizuri kilichotokea hapo. Wale wahitimu walikuwa na maandamano, ndiyo, na walikuwa na sauti. Lakini kilichowafanya wasiyumbe ni karatasi iliyotiwa sahihi miaka saba kabla, pengine wengi wao wakiwa bado shule ya upili. Mtu alikaa akaiandika, mtu akaelewa maana ya kila sentensi, mtu akaitunza. Ukiogopa ukosefu wa kazi ukaikimbilia sheria, utakuta mawakili vijana nao wanatafuta kazi Nairobi, tena wengi. Bali ukijua sheria ukiwa bado mfamasia, utajua wewe na wenzako mnadai nini.

Halafu kuna wa tatu, na huyu ndiye tunayetaka kuzungumza naye kwa kirefu. Ni yule ambaye ameona dhulma kwa macho na akagundua kwamba dawa peke yake haiitibu. Pengine yalianzia kwenye kitambulisho. Wenzako wa Nyeri au Kakamega walienda kwa chifu, wakapigwa picha, wakangoja. Wewe ukaitwa mbele ya kamati ya uhakiki, wazee wakaulizwa kama wanamjua babu yako, na wakati huo maombi ya mkopo wa HELB yanafungwa. Uhakiki huo rais alitangaza akiwa Wajir mwezi Februari 2025 kwamba umeondolewa, alhamdulillah. Hata hivyo wapo vijana Garissa ambao alama zao za vidole ziliingizwa kwenye sajili ya wakimbizi wakiwa wadogo, familia zikitafuta mgao wa chakula, na kwa sababu hiyo wakahangaika miaka na miaka bila kitambulisho. Shirika la Haki na Sheria la Garissa limeibeba kesi yao. Kijana aliyepita njia hiyo akaanza kupenda sheria, nani atamlaumu?

Au pengine ni hadithi ya nyumbani kwenu kabisa. Mwishoni mwa Oktoba 2008 wanajeshi na polisi waliingia Elwak na vijiji vya karibu wakitafuta silaha, baada ya mapigano ya Garre na Murule. Human Rights Watch walitoa ripoti mwaka uliofuata: watu zaidi ya 1,200 walijeruhiwa, mmoja alikufa, na wanawake wasiopungua 12 walibakwa. Wanaume walikusanywa na kupigwa ili waseme bunduki ziko wapi. Wengi wenu mlikuwa watoto wadogo wakati huo. Lakini nenda ukakae na wazee wa mji baada ya Asr, uwaulize taratibu, utasikia.

Sasa vaa koti lako jeupe ufikirie kama mtu wa dawa. Mwanamume amepigwa, mkono umevunjika. Anafika kwenye kituo cha afya au kwenye kemisti, anapewa dawa ya maumivu na bendeji, anarudi nyumbani. Nani ameandika? Ameandika nini? Tarehe ipi, jeraha liko wapi, dawa gani, kiasi gani? Kama halikuandikwa, baada ya miaka kumi mbele ya jaji halikutokea. Wakili wa serikali hatasema mtu huyu ni mwongo, atauliza tu kwa upole, "Rekodi ya matibabu iko wapi?" Fomu ya P3 hujazwa na daktari au tabibu, siyo wewe, lakini daftari la dawa ni lako. Dawa iliyotoka rafuni, siku iliyotoka, jina la aliyepewa. Mfamasia anayejua hilo ni ushahidi huandika tofauti na yule anayejua ni hesabu ya stoo tu.

Hapa Kaskazini tumewahi kumwona mtu aliyebeba elimu zote mbili, japo hakuwa Mwislamu wala hakuzaliwa huku. Annalena Tonelli, Mtaliano, alisomea sheria kwao kabla ya kuja Kenya mwaka 1969. Alifika Wajir kufundisha, akaishia kuwatibu wagonjwa wa kifua kikuu. Shida ya TB kwa wafugaji mnaijua: mtu anaanza dawa, kikohozi kinapungua, mvua inanyesha upande wa pili, anafuata ngamia wake, na ugonjwa unarudi ukiwa mkaidi zaidi. Yeye hakuwaita wakaidi. Aliwaacha wajenge manyatta zao karibu na kituo, wakae miezi sita, wameze dawa kila siku mbele ya mtu, wapone, waende. Mtindo huo unafanana na ule ambao Shirika la Afya Duniani lilikuja kuusambaza kwa jina la DOTS.

Kisha ikaja Februari 1984 na uwanja wa ndege wa Wagalla. Tonelli alikuwa miongoni mwa waliokwenda kuwaokoa majeruhi na kuhakikisha habari zinatoka nje. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti yake mwaka 2013 ilisema ni karibu 1,000. Tofauti ya namba hizo mbili ni watu, na wamejulikana kwa sababu wapo waliohesabu wakati kuhesabu kulikuwa hatari. Mwaka uliofuata Tonelli aliondoka Kenya. Aliuawa Borama, Somaliland, Oktoba 2003, bado akiwatibu wagonjwa wa TB.

Linganisha sasa na Kapsabet. Mwaka 2010 wagonjwa wa TB walipelekwa mahakamani kwa kosa la kutomeza dawa, wakahukumiwa miezi minane gerezani chini ya Sheria ya Afya ya Umma, kifungu cha 27. Eti wafungwe wapone. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa famasia anaweza kukueleza kinachotokea ukimweka mtu wa TB kwenye seli iliyojaa, isiyo na hewa. Walitoka baada ya siku 46. Kesi yao iliendelea hadi tarehe 24 Machi 2016, ambapo Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alisema kumfunga mgonjwa gerezani ili atibiwe ni kinyume cha Katiba. Miaka sita! Na jambo lenyewe mtu wa dawa angelieleza kwa dakika kumi siku ya kwanza, kama angekuwepo chumbani mtu anayejua dawa na anayejua kusimama mbele ya hakimu.

Jaji huyo huyo alikuwa ameshatoa uamuzi mwingine ambao kila mwanafunzi wa famasia Kenya anapaswa kuujua, na ajabu wengi hawaujui. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha sheria ya kupambana na bidhaa ghushi. Nia ilikuwa nzuri. Nani anataka dawa feki? Lakini maana ya "ghushi" iliandikwa kwa upana kiasi kwamba dawa za jeneriki, zile zilizotengenezwa kihalali na kampuni nyingine na kuuzwa kwa bei nafuu, zingeweza kushikwa kama bandia. Watu watatu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, Patricia Asero Ochieng na wenzake wawili, walienda mahakamani mwaka 2009. Tarehe 20 Aprili 2012 walishinda: mahakama ilisema vifungu vile vinahatarisha haki yao ya kuishi, ya utu na ya afya. Kesi nzima ilisimama juu ya tofauti kati ya dawa jeneriki na dawa bandia. Hiyo wewe umeijibu kwenye mtihani! Lakini wabunge waliopitisha sheria ile hawakuiona, au hawakujali kuiona.

Ukiwa Elwak tofauti hiyo si ya darasani. Mpaka uko pale, unaweza kutembea. Dawa zinavuka kama sukari inavyovuka, nyingine nzuri, nyingine hazina usajili wa Bodi ya Famasia na Sumu, nyingine zimepigwa jua njiani siku tatu hadi hazifai. Askari akizikamata zote kwa pamoja anamuumiza mgonjwa wa sukari aliyekuwa akitegemea ile nzuri. Akiziacha zote, mtoto anameza antibiotiki ambayo ni unga tu. Mtu wa kuchora mstari mahali sahihi ni yule anayejua kemia yake na anajua sheria inasema nini.

Kuna atakayekwambia dini na mambo haya haviingiliani, ama kwamba mtu achague fani moja abaki nayo. Mwambie asome historia yetu. Ibn Rushd alikuwa kadhi Sevilla na Cordoba, na alikuwa tabibu. Aliandika kitabu cha tiba na kitabu cha fiqhi, na vyote viwili bado vinasomwa. Ibn al-Nafis, aliyeeleza jinsi damu inavyopita kwenye mapafu karne kadhaa kabla ya Ulaya, alikuwa mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi, haya haya ya kwetu, na alifundisha fiqhi Cairo. Na kazi ya muhtasib sokoni? Al-Shayzari aliandika mwongozo wa kazi hiyo huko Sham karne ya 12, na wauza dawa wana mlango wao mle ndani: namna ya kuwakagua, namna wanavyochanganya vitu vya bei rahisi ndani ya dawa ghali. Kukagua dawa ni jambo la sheria kwetu tangu zamani. Waingereza hawakutuletea.

Sasa neno kwa akina dada, na akina kaka wasikilize. Katika mji mdogo msichana aliyebakwa hataenda polisi kwanza. Pengine hataenda hospitali pia, kwa sababu pale mapokezi kuna mtu wa ukoo. Atakuja kemisti jioni, amejifunika, aombe dawa kwa sauti ya chini. Wewe unajua kwamba dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inatakiwa ianze ndani ya saa 72. Unajua pia wazee wamekaa au watakaa, maslaha itapigwa, ngamia watahesabiwa, na yeye hataulizwa chochote. Maslaha ina heshima yake. Imezima mapigano ya malisho na visima ambayo serikali ilishindwa kuyazima. Lakini ubakaji si ugomvi wa kisima. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 inasema ni jinai, na sharia yetu haikumpa mzee yeyote ruhusa ya kusamehe kwa niaba ya msichana ambaye hakusamehe. Kwenye kaunta ile, dada mfamasia anayejua sheria ni mtu wa kwanza na labda wa mwisho atakayemwambia: usifue nguo, zihifadhi kwenye mfuko wa karatasi, twende pamoja hospitali usiku huu, haki ya matibabu ya dharura iko kwenye kifungu cha 43 cha Katiba na hakuna wa kukunyima. Hatujui nafasi nyingine ambapo fani hizi mbili zinahitajiana kiasi hicho.

Basi njia yenyewe ikoje? Ndefu, walaal, usidanganywe. Famasia miaka mitano, mafunzo ya kazi mwaka mmoja, digrii ya sheria miaka minne, kisha Kenya School of Law pamoja na kukaa chini ya wakili, karibu mwaka na nusu. Ukianza ukiwa na miaka 19 utaapishwa ukiwa umevuka 30. Digrii ya famasia inaweza kukufungulia mlango wa kusomea sheria chuo kikuu, na Nairobi kuna madarasa ya jioni unayoweza kuhudhuria ukiwa kazini. Lakini kabla hujalipa hata shilingi ya karo, toa cheti chako cha KCSE uangalie Kiingereza na Kiswahili. Suala la alama ya B katika mojawapo limewafikisha wengi mahakamani na Kenya School of Law baada ya kumaliza digrii nzima. Uliza kwa maandishi, upate jibu kwa maandishi.

Na familia? Ukoo ulichanga ukaenda Nairobi kusomea dawa. Ukirudi useme sasa ni sheria, hooyo atauliza kama umefukuzwa. Ndiyo maana tunasema maliza kwanza. Rudi na cheti, fanya kazi miaka miwili mitatu, lipa deni la watu kwa huduma, na uone kwa macho yako ni sheria ipi hasa inayokukera. Atakayeingia darasa la sheria akiwa na swali moja alilolitoa kwenye stoo ya dawa ya Elwak atasoma vizuri kuliko anayetafuta cheo.

Kazi zipo kwa mwenye vyote viwili, tena nyingine hazijapata watu: udhibiti wa dawa kule kwenye Bodi, ununuzi wa dawa wa kaunti, hataza za dawa, kesi za uzembe hospitalini, ofisi za kutunga sheria za kaunti, hata Wakala wa Dawa wa Afrika ambao makao yake ni Kigali. Na kama digrii ya pili haiwezekani, bado kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, inayomtambua msaidizi wa kisheria anayefanya kazi chini ya wakili au shirika lililosajiliwa. Mfamasia mmoja wa namna hiyo katika kila kaunti ndogo ya Mandera, Wajir na Garissa, hebu fikiria.

Lakini huhitaji kungoja yote hayo. Jedwali la Nne la Katiba linazitaja famasia kwa jina kama kazi ya kaunti, kwa hiyo rafu ikiwa tupu unajua pa kubisha. Likizo hii ukirudi nyumbani, nenda hospitali uangalie ni dawa gani muhimu hazipo. Kisha andika barua kwa serikali ya kaunti chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016: mliagiza nini, mlipokea nini, lini, kwa pesa ngapi. Barua inaweza kuwa ya Kiswahili, sheria inaruhusu, na huwajibiki kueleza kwa nini unataka kujua. Wana siku 21 za kukujibu. Ikiwa habari unayotaka inagusa uhai wa mtu, ni saa 48. Wakinyamaza, malalamiko yanakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Weka nakala ya barua, na hakikisha imepigwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe.